Taa Kumi na Mbili za Etelka

Mimi ni mwoka mikate, na mtu wa mikate hana sababu ya kuandika habari za wadudu. Lakini kila Agosti watu wanaofika hapa Révszeg kutazama maua ya mto hupita dukani kwangu, na wote huniuliza ni nani aliyefikiria kutundika zile taa chini ya daraja. Nikiwajibu kwamba ni mjane aliyekuwa akipika chakula cha wanafunzi shuleni, hunitazama kana kwamba nataka kuwauzia mkate wa jana. Basi nimeona niandike mara moja, nibandike karatasi karibu na mzani, nipumzike na maswali.

Etelka alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta. Nilimwita shangazi, kama alivyoitwa na kila aliyekuwa mdogo kwake, ingawa hatukuwa na undugu hata wa mbali. Yeye aliniita Lőri, jina la utotoni ambalo nilimkataza mara mia, na mara mia akajifanya hasikii. Kila asubuhi alikuwa mteja wa kwanza. Aliubonyeza mkate kwa kidole gumba, akauinua, akaugonga chini kusikia kama umeiva, halafu akanunua uleule wa kwanza aliokuwa ameubonyeza. Kwa miaka ishirini hakuwahi kuusifu. Kusema kweli nilikuwa nikioka kwa hofu yake, na mikate yangu ni mizuri kwa sababu hiyo.

Baba yake alikuwa mvuvi wa mto Danubi, wa mwisho kijijini kuishi kwa samaki peke yake. Mume wake, Ambrus, alikuwa fundi wa baiskeli, mtu mpole wa maneno machache, mikono daima ina grisi. Jioni moja ya Novemba alivuka daraja kumpelekea mtoto wa ng'ambo baiskeli aliyomtengenezea, akarudi akiendesha yake. Ilikuwa saa kumi na moja, kwetu mwezi huo giza limekwisha kuingia, na ukungu ulikuwa umelala juu ya mto. Dereva aliyemgonga alikuwa mtu mzima, hajalewa, hakuwa na haraka. Hakumwona tu. Daraja letu refu halikuwa na taa hata moja.

Etelka alivaa nyeusi mwaka mzima bila kusema lolote. Mwaka ulipokwisha akavaa koti lake zuri, akanunua kwangu pogácha kilo nzima, vile vikate vidogo vya chumvi na jibini, akapanda basi kwenda ofisi za serikali mjini kudai taa. Alifanya hivyo kwa miaka miwili. Karani akimwambia arudi wiki ijayo, alirudi wiki ijayo na pogácha. Inasemekana mwishoni walikuwa wakisikia harufu ya mkate kwenye ngazi wanatafuta mahali pa kujificha. Wakashindwa wao, hakushindwa yeye, na daraja likapata nguzo kumi na mbili za taa. Jioni zilipowashwa kijiji kizima kilikuwa pale. Etelka alitembea kutoka mwanzo wa daraja hadi mwisho, akarudi, akatushukuru, akaenda kulala.

Kwetu siku ya kuwakumbuka wafu kila mtu huenda makaburini na mishumaa iliyo ndani ya glasi nyekundu, na kilima chote huwaka. Etelka alikuwa akiwasha miwili. Mmoja aliuacha kaburini kwa Ambrus, wa pili aliuweka chini ya nguzo ya tano ya daraja, pale alipoanguka. Tangu taa zile ziwashwe, hakuna mtu aliyekufa darajani. Nalisema hili mapema ili nanyi msimlaumu kwa ukaidi wake, kama nilivyomlaumu mimi.

Sasa nije kwenye maua. Hayo si maua, ni wadudu weupe wenye mabawa laini na mikia mirefu kama nyuzi, ila mababu zetu waliyaita maua ya Danubi na sisi tumefuata. Mdudu anaishi mtoni chini ya mawe karibu mwaka mzima. Jioni moja ya Agosti anatoka, anapata mabawa, anapata mwenzi, anataga mayai juu ya maji, na kabla usiku haujakwisha amekufa. Hana hata mdomo wa kulia, maana hana siku ya kula. Etelka alikuwa ameyaona utotoni. Halafu mto ukachafuka, maua yakapotea kwa zaidi ya miaka arobaini, na watu wa umri wangu tulikua tukisikia habari zake kama tunavyosikia habari za samaki wakubwa waliotoroka wavuvi. Nilidhani wazee wanatia chumvi.

Miaka ikapita, mto ukaanza kuwa safi, na Agosti moja, saa mbili na nusu usiku, nikasikia upawa ukigonga ukuta wangu.

“Lőri! Toka nje, acha huo unga!”

Nilitoka na aproni yangu. Etelka alikuwa tayari njiani, mwanamke wa miaka sabini na moja, anakimbia na kandambili. Tulipofika ukingoni nikaona mto umefunikwa. Ungedhani kuna mtu amesimama upande wa chini wa mto anapepeta unga na upepo unatuletea. Wadudu wote walikuwa wakiruka kwa kufuata mto kuelekea ulikotoka, chini kabisa, karibu waguse maji. Etelka alishika mkono wangu akalia waziwazi. Alisema, “Baba, wamerudi,” kisha akalisema tena. Mimi sikujua nimtazame yeye au nitazame mto. Nilimshukuru Mungu kwamba nilikuwa hai jioni ile, na sijawahi kumshukuru hivyo kanisani.

Furaha ile ilidumu robo saa. Wadudu walipofika darajani waliinuka. Waliziacha njia zao za maji wakapanda kuzifuata zile taa kumi na mbili, wakazizunguka kwa wazimu, kisha wakaanza kuanguka barabarani. Tulipopanda darajani tulikuta karibu na kila nguzo wamejaa hadi kwenye vifundo vya miguu, na wengine bado wanashuka juu yao. Magari yalipita yakitoa sauti ya kusaga. Etelka aliinama akachukua kitu kwenye lami, akakiweka kiganjani chini ya taa ya tano. Ilikuwa punje ya njano, ndefu, kama tambi iliyokatwa.

“Haya ni mayai,” akasema. “Wanataga barabarani, Lőri. Mto uko hapo chini wote, wao wanataga barabarani.”

Nilimwambia labda wamechoka.

Jioni ya tatu Szilárd, kijana anayepeleka barua kwa pikipiki, aliteleza juu ya wadudu akavunjika kifundo cha mkono. Hapo kijiji kikaja juu. Wengine walitaka mto upigwe dawa, wengine walilalamikia harufu, na mwenyekiti wetu, Gedeon, ambaye hajawahi kuamua jambo bila kuita mkutano, akaita mkutano kwenye ukumbi wa zimamoto. Alikuwapo pia mtafiti mmoja kutoka chuo kikuu, msichana aitwaye Borbála, aliyekuwa amekuja na visahani na kioo cha kukuzia, na kwa siku mbili tulikuwa tumemwona akitambaa kwenye lami kwa magoti.

Alieleza vizuri, hata mimi nilielewa. Mdudu huyu, alisema, hayajui maji kwa ubaridi wala kwa rangi yake. Anayajua kwa mng'ao, mwanga unaorudi kutoka juu ya kitu kilicholala tambarare. Na lami nyeusi iliyo chini ya taa inang'aa hivyohivyo, wakati mwingine kuliko mto wenyewe. Kwa hiyo taa inamwita, barabara inamdanganya, naye anaamini amefika majini. Kila jike hubeba mayai maelfu, na mayai yasiyogusa maji hufa. Miaka miwili mitatu ya namna hii, alisema, na mto utakuwa mtupu tena. Alichoomba kilikuwa kidogo: taa za daraja zizimwe kwa muda wa saa mbili kila jioni, kwa wiki tatu za Agosti.

Vichwa vyote vikamgeukia Etelka, maana kijiji kizima kinaziita taa za Etelka. Alisimama taratibu, akaweka mkoba wake kwenye kiti.

“Saa mbili tu, unasema, binti,” akamwambia. “Ambrus wangu hakuhitaji saa mbili. Dakika moja ilimtosha.”

Akaongeza kwamba anawapenda wadudu wale kuliko yeyote pale ndani, kwa sababu yeye aliwajua kabla Borbála hajazaliwa, lakini mtu atakayeigusa swichi ya taa zile atapita juu ya mwili wake kwanza. Gedeon alipokuna kidevu na kuuliza wanaokubali kuzima wanyoshe mikono, ilinyoshwa michache, na mmoja ulikuwa wangu. Etelka aliuona. Asubuhi yake alipita mbele ya duka langu bila kugeuza shingo, akaenda kununua mkate wa mfuko wa plastiki kule kwenye duka la petroli. Nimewahi kutukanwa maishani, lakini sijawahi kutukanwa hivyo.

Taa ziliendelea kuwaka, na maua yaliendelea kuanguka.

Mimi huvuka daraja na gari langu la mikate saa kumi na moja alfajiri, kupeleka ng'ambo. Asubuhi iliyofuata mkutano nilimkuta Etelka yuko peke yake darajani, ana ufagio wa fito, kizoleo na ndoo mbili. Alikuwa akifagia mayai pamoja na wadudu waliokufa, anajaza ndoo, anaibeba hadi kwenye kingo za daraja, anamwaga mtoni. Kisha anarudi nguzo inayofuata. Nguzo kumi na mbili, pande zote mbili za barabara, na mgongo wake ule. Siku ya kwanza nilipita nikajitia sikumwona. Siku ya pili vilevile, na mkate nilioupeleka siku ile nadhani ulikuwa mchachu. Siku ya tatu nilisimamisha gari, nikatoa beleshi langu la majivu ya tanuri.

“Sikukuita,” akasema bila kuinua kichwa.

“Najua, shangazi.”

“Wewe ulinyosha mkono.”

“Nilinyosha.”

“Basi anzia nguzo ya saba. Hii ya tano niachie mwenyewe.”

Tulifanya kazi hivyo asubuhi tatu. Wateja wa ng'ambo walipata mkate wao umechelewa na wakanung'unika, nami nikawaambia wakaulize serikali. Alikuwa na imani kabisa kwamba anayarudisha mayai nyumbani. Kila ndoo alipoimwaga alisema neno dogo, sikulisikia, ila midomo yake ilitikisika.

Asubuhi ya sita ya kazi yake Borbála alikuja mapema na kioo chake. Alituona, akasimama, akachukua konzi ya mayai kwenye ndoo ya Etelka akayatazama muda mrefu sana. Nilimwonea huruma yule msichana. Mtu mwingine angesema yako sawa akaenda zake.

“Shangazi,” akasema, “haya yamekwisha kufa. Lami ni kavu na ina joto, hayafiki hata usiku wa manane. Unachomwaga asubuhi… samaki wanafurahi, lakini hakuna kitakachoanguliwa.”

Etelka aliitazama ndoo. Kisha alikaa kwenye ukingo wa barabara chini ya nguzo ya tano, akaweka ufagio juu ya mapaja yake.

“Taa hizi niliziomba mimi,” akasema baadaye. “Mnaziita kwa jina langu. Basi na hawa wote wamekufa kwa jina langu.”

Borbála hakusema “si nilikuambia.” Kwa hilo peke yake nitamheshimu maisha yangu yote. Alikaa upande wake wa kushoto, mimi nikakaa kulia, na kwa kuwa sijui kufanya jambo jingine mtu akiwa na huzuni, nilitoa mkate wa moto garini nikaumega vipande vitatu. Etelka alikataa, halafu akala. Hakuwa amekula mkate wa maana kwa karibu wiki.

Nadhani ulikuwa ule mkate uliomfungua mdomo. Alianza kusimulia, si kwa kutushauri jambo, alikuwa akimkumbuka baba yake tu. Jioni za maua, alisema, baba alikuwa akifunga sinia la chuma puani mwa mashua, anaweka matete makavu anawasha. Sinia lenyewe aliliweka chini, kiganja kimoja tu kutoka majini, na mama alikuwa akimgombeza kwamba siku moja ataichoma mashua. Maua yalikuja kuuzunguka moto ule mpaka mashua ikawa nyeupe. Waliyakusanya kwa koleo, mengine chambo, mengine kwa kuku, na mayai ya kuku wiki ile yalinuka samaki.

“Na wale ambao hawakuanguka mashuani?” Borbála akauliza.

“Walibaki palepale wanazunguka. Wakishachoka wanagusa maji, wanataga, wanakwenda na mto.”

“Hawakupanda kijijini kwenye taa?”

Etelka alifikiri. “Kulikuwa na taa ya kanisa, na ya kilabuni. Kali tu. Hapana, hawakupanda. Wakishauona moto wa baba huko chini, hawakujishughulisha na…”

Borbála alikuwa ameacha kutafuna. Mimi nilikuwa wa mwisho kuelewa, kama kawaida yangu, na nilielewa kwa sababu wote wawili walikuwa wanachungulia chini ya daraja.

Jioni ileile tulijaribu. Etelka alifungua karakana ya Ambrus, iliyokuwa imefungwa kwa kufuli tangu mazishi, akatoa taa kubwa aliyokuwa akiitumia kufanyia kazi, bado ina alama za vidole vya grisi kwenye mshikio. Umeme tuliuvuta kutoka kwenye jenereta ya kiwandani kwangu, ninakooka. Tuliifunga kamba taa ile tukaiteremsha upande wa chini wa mto, ule wanakotokea wadudu, chini ya nguzo ya tano, mpaka ikabaki mkono mmoja kutoka majini. Kamba nilishika mimi. Borbála alichora mraba kwa chaki kwenye lami chini ya nguzo ya tano, na mwingine ulio sawa nao chini ya nguzo ya kumi.

Maua yalipokuja sikuona kitu, nilikuwa nimeshughulika na kamba na mgongo wangu. Niliwasikia wale wanawake wawili tu. Etelka alianza kucheka, kicheko cha msichana, nikadhani amepatwa na jambo. Nilipochungulia nikaona duara jeupe linazunguka taa ya Ambrus huko chini, na maji yaliyo chini yake yanachemka kwa vitone vidogo, kila kitone ni jike limegusa mto. Yaliyobaki ya kundi, mbali na taa yetu, yalipanda kama kawaida. Taa moja haiwezi kulinda daraja zima. Lakini baadaye Borbála alipohesabu, katika mraba wa nguzo ya tano alikuta wachache kiasi kwamba ungeweza kuwaweka kwenye kikombe. Ule wa nguzo ya kumi hakuuhesabu, aliupima kwa beleshi.

Tulipokuwa tunakunja kamba Etelka alinigusa begani. “Kesho niwekee mkate, Lőri. Na usiukaushe.”

Majira ya baridi alivaa tena lile koti lake zuri. Makarani walikuwa wapya, wengine walikuwa watoto alipoanza safari za kwanza, lakini pogácha zilikuwa zilezile na yeye alikuwa yuleyule. Safari hii alikuwa na Borbála anayejua kuandika barua zenye majedwali, na Gedeon, akiona upepo unavuma wapi, alitia sahihi kwanza kabisa na kusema alikuwa na wazo hilo tangu mwanzo. Hatukumbishia. Kufikia Mei taa nane zilikuwa zimefungwa chini ya daraja upande wa chini wa mto, zinatazama majini, za kuwashwa jioni za maua peke yake. Na zile kumi na mbili za juu hazikuguswa hata moja.

Mtu angedhani Etelka atatulia. Kuanzia Juni alianza kukonda. Alikuja dukani, akabonyeza mkate, akasimama na kidole kimezama ndani.

“Mwaka jana jioni ngapi walianguka barabarani?”

“Usianze, shangazi.”

“Nyingi. Na jioni ambazo walipata taa ya Ambrus ni nne. Kumi na mbili za juu, nane za chini, vyote vizuri. Kama mtoni hakuna mtu, hizo taa zitamwongoza nani?”

Borbála alikuwa ametuambia mayai hulala chini ya mto majira yote ya baridi na kuanguliwa maji yakianza kupata joto. Mengi yalikuwa yametagwa kwingineko kabla ya kundi kufika kwetu, alisema, kwa hiyo tungoje. Yeye mwenyewe alisema hivyo huku akitafuna kucha.

Agosti ilifika. Kila jioni Etelka alikwenda darajani na kigoda chake, na ufagio wake aliuegemeza kwenye nguzo ya tano, kwa mazoea au kwa hofu, sikuuliza. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili ikaanza, hakuna kitu. Mto ulipita mtupu, mzuri, na mimi nikaanza kutafuta sababu za kubaki kiwandani jioni, kwa maana sikuweza kumtazama usoni. Jioni ya kumi na tatu mke wangu alinitoa kwa nguvu, akaniambia kama shangazi ataketi peke yake tena, nami nitakula peke yangu.

Nilimkuta ameketi wima, mikono juu ya magoti. Borbála alikuwa upande wa pili wa barabara na daftari lake. Jua lilikuwa limezama, taa za juu zilikuwa zimewaka, za chini zikawaka baada yake, na mto ukawa na mistari minane ya mwanga.

Etelka ndiye aliyemwona wa kwanza. Alinyosha kidole. Mmoja, kisha watatu, kisha sikuweza tena kuhesabu. Hawakuwa wengi kama mwaka uliopita, mtu mzima asijidanganye, lakini walitosha kuufanya mto uwe mweupe kutoka ukingo hadi ukingo. Walikuja chini kabisa, wakafika darajani, nami nikashika kingo za daraja kwa mikono miwili. Hawakuinuka. Walizikuta taa nane wakabaki nazo, wakaanza kuzunguka, na maji yakaanza kuchemka kwa vitone. Juu yao, kwenye mwanga, magari yalipita. Szilárd alipita na pikipiki, akapunguza mwendo, akampungia Etelka mkono uliopona.

Etelka hakukaa kutazama. Alivuka hadi nguzo ya tano, akapiga magoti kwa taabu, akapitisha kiganja chake juu ya lami, kwa urefu na kwa upana, kama anayetandika kitanda. Akakiinua kiganja kwenye mwanga wa taa. Kilikuwa na vumbi tu. Alibaki amepiga magoti pale kitambo, na aliyoyasema hapo alimwambia Ambrus, hayakuwa yangu.

Nilimsaidia kusimama. Akauchukua ufagio akanipa.

“Peleka nyumbani, Lőri. Kiwandani kwako unga umejaa kila pembe. Hapa leo sina cha kufagia.”

Nikamwambia asante, shangazi.

“Asante ya nini, ya ufagio?”

Nikasema ndiyo, ya ufagio. Akanitazama, akanipiga kofi dogo shavuni kama mtoto, akarudi kwenye kigoda chake. Ufagio wenyewe ndio huo ulio nyuma ya mlango, karibu na mzani, na ndio ninaofagilia mpaka leo.